Gari la Mbio la Kila Siku: Lipi Tuongeze, Lipi Tuache?

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sidhani kama ipo methali nyingine ya wazee wetu inayofaa zaidi kutangulia mazungumzo ya leo, ambayo ni juu ya magari ya mbio yanayoendeshwa kila siku katika barabara za Mombasa, Kilifi na Kwale. Nakusudia hasa magari kama Subaru Impreza ya aina ya WRX, ambayo mwenyewe huiendea kazini asubuhi, akawapeleka watoto chuoni baada ya alasiri, akamchukua mamake hospitali siku ya miadi, na usiku wa Jumamosi akaizungusha Mama Ngina pamoja na wenzake. Gari ni moja, kazi zake ni nne, na mashauri juu yake ni elfu. Huyu amwambia mwenye gari abadilishe turbo, yule amwambia ashushe springi, na wa tatu amwambia akate bomba la moshi lingurume kama simba.

Jambo hili limezua ubishi katika nyumba nyingi za Pwani. Wazee wengi washikilia kwamba gari likitoka kiwandani limekwisha kamilika, na kila shilingi inayotiwa juu yake baada ya hapo ni israfu tupu. Vijana nao washikilia kwamba wazee hawajui raha ya gari, na kwamba mtu aliyechuma kwa jasho lake, hapa au Uarabuni, ana haki ya kukitengeneza chake apendavyo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeshika nusu ya haki. Yapo marekebisho yanayolifanya gari kuwa bora, salama na la kufurahisha zaidi, na yapo yanayoliharibu huku mwenyewe akidhani amelitukuza. Kosa kubwa nilionalo ni la mpangilio: vijana wetu huanza mwisho, na wengi fedha huwaishia kabla hawajafika mwanzo.

ASILI YA MAPENZI HAYA

Kwanza tuwatendee haki vijana. Mapenzi ya gari hili hayakuzuka hewani. Impreza WRX ilitolewa kwanza Japani mwaka 1992, ikiwa na injini ya lita mbili yenye silinda nne zilizolazwa ubavu, mbili huku na mbili huku, turbo ya kuisukumia hewa, na magurudumu yote manne yakivuta kwa pamoja. Mwaka 1997 Colin McRae, kijana wa Scotland, aliishindia Impreza mbio za Safari Rally papa hapa Kenya, na mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akaishindia tena. Taifa hili lilikuwa tayari na ugonjwa wa mbio hizo tangu zamani. Joginder Singh alizishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976; Shekhar Mehta alizishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021. Basi kijana anayeipenda Impreza apenda kipande cha historia ya nchi yake, na hilo si la kuchekwa.

Lakini historia hiyo hiyo yatufundisha jambo ambalo vijana wengi hawalitazami. Yale magari yaliyoshinda Safari yalitengenezwaje? Yaliinuliwa juu ili yapite mashimo na mito. Yalifungwa vyuma vya kinga mbele, taa za ziada, na bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo mpaka usawa wa paa ili injini isinywe maji. Yaani mafundi waliitazama kwanza njia itakayopitwa, kisha ndipo walipoligusa gari. Kijana wetu naye asema aiga Safari, halafu alishusha gari mpaka tumbo lakwaruza lami. Huyo ameiga jina akaacha hekima.

MIZANI YA WATU WA BAHARI

Sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kukopa hekima hii mbali. Mababu zetu walikuwa mabingwa wa kutengeneza na kurekebisha vyombo. Nahodha hakulichukua jahazi kama alivyolikuta. Aliujaribu mlingoti, akalipima tanga, akapanga farumi chini mpaka chombo kikakaa sawasawa majini. Na hadi leo katika mashindano ya mashua kule Lamu utaona jambo lile lile: tanga kubwa likipandishwa, mabaharia hutokeza ubao nje ubavuni wakaukalia, uzito wao uzuie chombo kisilale. Hakuna nahodha mwenye akili aliyeongeza tanga bila ya kufikiri juu ya uzito wa chini na msukani. Upepo mwingi juu ya chombo kisicho na farumi ni njia fupi ya kuingia majini.

Nguvu ya injini ni tanga. Matairi, breki na shokabzoba ni farumi na msukani. Mizani yangu basi ni maswali matatu, na kila rekebisho naliuliza yote matatu. La kwanza: je, faida yake yaonekana katika mwendo wa kila siku, wa kilomita hamsini kwa saa mjini na katika msongamano wa Makupa, au yaonekana tu pale ambapo sheria yakataza? La pili: je, sehemu nyingine za gari zaweza kulibeba jambo hilo, au nitatibu goti nikavunja nyonga? La tatu: je, anayekaa kiti cha nyuma, na jirani aliyelala, watanufaika au wataumia? Rekebisho lipitalo maswali yote matatu, mwenye uwezo na alifanye bila ya kuona haya. Lipitalo moja tu, na alifikirie mara mbili. Lisilopita hata moja ni pambo la mkakasi.

KUPONYA KABLA YA KUPAMBA

Tukumbuke umri wa magari yenyewe. Kenya haikubali kuingiza gari kuukuu likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo zile Impreza zilizoundwa kabla ya mwaka 2008, ambazo ndizo vijana wengi wazipendazo, zimekwisha kuwa barabarani hapa kwa miaka mingi, na zimepita mikono ya wenyewe watatu au wanne. Mpira wa bushi umekauka. Shokabzoba zimevuja. Mabomba ya raba yanayopitisha hewa na maji yamepasuka. Chini ya gari chumvi ya bahari imekula chuma. Gari kama hilo likirudishwa tu katika hali iliyotoka nayo kiwandani, mwenyewe ataona tofauti ambayo hakuna kikorokoro cha dukani kiwezacho kumpa.

Hesabu ni nyepesi. Gari la turbo lililochoka hupoteza nguvu kwa njia nyingi ndogo: plagi zilizokwisha, chujio la hewa lililoziba, bomba la hewa linalovujisha pumzi ya turbo, sensa iliyochafuka. Kijana huenda akanunua kifaa kipya ili apate nguvu ambazo tayari ni zake, ila zavuja njiani. Na oili ndiyo roho ya injini hizi. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au ikichakaa, turbo hufa, na katika injini hizi za Subaru beringi za chini hufuata. Mwenye gari la aina hii anayefungua boneti kila wiki na kutazama kijiti cha oili amelifanyia gari lake jambo kubwa kuliko aliyebandika bawa nyuma. Tena linalipiwa kwa dakika mbili tu. Hali kadhalika kuliosha gari tumboni kwa maji baridi ili kuondoa chumvi: ni kazi ya kawaida, haina sifa mtandaoni, lakini huongeza miaka.

MATAIRI NA BREKI

Baada ya kuponya, shilingi ya kwanza ya kuongeza naielekeza kwenye matairi. Gari zima, pamoja na nguvu zake zote, laigusa nchi mahali panne tu, na kila mahali hapo ni pana kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Kuvuta, kukata kona na kusimama kote kwapita katika viganja hivyo vinne. Tairi jema litakusaidia kila siku, mvua ya masika ikinyesha Bamburi au jua likiwaka Mariakani.

Hapa pana mtego ambao watu wengi wauingia. Wako wanaonunua matairi makuukuu kutoka nje kwa sababu yana jina kubwa. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona tarakimu nne za mwisho katika alama ya kiwanda: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Yakiandikwa 2314, maana yake tairi lilitoka wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huo umekauka hata kama meno yake bado yako juu. Mtego wa pili ni kununua matairi mawili mapya na kuacha mawili ya zamani. Kwa gari la magurudumu mawili yanayovuta jambo hilo huvumilika. Kwa Subaru, inayovuta kwa yote manne, matairi yenye mzunguko usiolingana huufanya mtambo wa katikati ushindane na nafsi yake saa zote mpaka uchakae. Kiwanda chenyewe hutaka tofauti ya mzunguko isizidi robo ya inchi. Anayeokoa bei ya matairi mawili leo aweza kulipa bei ya mtambo wa gia kesho.

Breki ndizo za pili, na hapa sisi wa Pwani tuna sababu yetu wenyewe. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka joto lipite nyuzi 230. Yakisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, yaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa: dereva akanyaga, mguu washuka mpaka sakafuni, gari lasonga mbele. Katika mji wenye unyevu kama wetu, mafuta ya breki kukaa miaka mitano bila kubadilishwa ni kujichimbia kaburi, na bado wako wenye WRX ambao hawajapata kuyabadilisha tangu wanunue gari. Mafuta mapya kila baada ya miaka miwili, pedi nzuri na diski zilizo sawa: kwa gari la barabarani hayo yatosha. Breki kubwa za rangi nyekundu zinazoonekana kati ya rimu ni nzuri kutazama, lakini zikifungwa na pedi mbovu na matairi makavu hazitalisimamisha gari mapema kwa hatua hata moja.

Na wenye hamu ya mwendo wakumbuke hesabu hii isiyobishaniwa: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa lahitaji mara nne ya umbali wa kusimama wa gari lililo kwenye 50. Punda na mkokoteni wake hawaijui hesabu hiyo, wala mtoto atokaye chuoni akivuka barabara.

KUSHUSHA GARI

Sasa twafika kwenye springi. Kukata springi kwa msumeno ili gari likae chini ni jambo ambalo nalipinga bila ya kubakisha neno. Springi iliyokatwa hubadili ugumu wake, shokabzoba hugonga mwisho wa safari yake, na gari badala ya kushika barabara hurukaruka juu yake. Kwenye tuta, tairi laachana na lami, na tairi lililo hewani halishiki kona wala breki.

Springi fupi zilizoundwa pamoja na shokabzoba zake ni habari nyingine. Hizo kwa kweli hupunguza kulala kwa gari kwenye kona. Lakini liulize swali la kwanza katika mizani yetu: barabara zetu ni zipi? Ni zenye matuta ambayo mengine yamejengwa kwa ghadhabu za wakazi kuliko kwa vipimo vya uhandisi. Ni za mitaa ya Kisauni ambako mvua moja yafukua shimo la kuzika mbuzi. Ni za kuingilia feri ya Likoni, pale ambapo ulimi wa chuma wa feri wakutana na mteremko wa saruji, na gari lililoshushwa lakwama tumbo huku msururu wa watu na magari umengoja nyuma ukilaani. Na ulizie swali la tatu: mama mwenye maumivu ya mgongo aketiye nyuma ataonaje?

Ushauri wangu ni kwamba gari la kila siku libaki katika kimo chake. Mwenye kutaka lishike kona zaidi na anunue shokabzoba mpya za sifa njema, abadilishe bushi zote, kisha akipenda afunge fito nene ya kuzuia gari kulala kwa nyuma. Fito hiyo ni ya bei nafuu ikilinganishwa na vingine, haigusi kimo, na yaipunguzia Impreza ile tabia yake ya kukaidi usukani kwenye kona kali. Hilo ni rekebisho dogo lenye faida ionekanayo siku hiyo hiyo.

NGUVU NA JOTO

Wengi wenu mtakuwa mmengoja kwa hamu nifike hapa. Je, nguvu za ziada zina thamani? Zaweza kuwa nayo, na kwa injini yenye turbo zapatikana kwa urahisi kuliko kwa injini ya kawaida. Gari lisilo na turbo likibadilishwa chujio na bomba la moshi hupata kelele nyingi na nguvu chache mno. Lenye turbo, fundi akibadili maagizo ya kompyuta ya injini aweza kuongeza mbano wa hewa, na nguvu zikaongezeka kweli. Ndiyo maana jaribu ni kubwa.

Lakini yatazameni mambo mawili ambayo katalogi za ng'ambo hazitayataja. La kwanza ni petroli. Magari haya ya Japani yalipangiwa petroli ya kwao ya daraja la juu, yenye oktani karibu 100. Ile tuijazayo hapa aghalabu haifikii hapo. Petroli yenye oktani ndogo hulipuka kabla ya wakati wake injini inapobanwa, nasi husikia mgongo ule kama changarawe ndani ya kopo. Mgongo huo hupasua pistoni. La pili ni joto. Turbo hubana hewa, na hewa ikibanwa huwaka. Ndiyo sababu ya kuwekwa intakula chini ya lile tundu la boneti, ili hewa ipoe kabla ya kuingia. Mjini Mombasa mchana wa Februari, ndani ya foleni, hakuna upepo upitao tunduni. Injini yavuta hewa moto juu ya petroli hafifu, kisha twataka kuongeza mbano!

Kwa hiyo fundi mwaminifu wa Pwani akiigusa kompyuta ya gari la Kijapani, kazi yake ya kwanza yapasa kuwa kuituliza injini iendane na petroli yetu na joto letu. Akimaliza hapo, nyongeza itakayobaki ni ndogo kuliko ile ya kwenye matangazo, lakini ni ya halali na ya kudumu. Muulizeni kabla ya kumpa gari: je, atalipima mchanganyiko wa hewa na petroli wakati gari likienda? Je, atausikiliza mgongo wa injini kwa kifaa? Au ataingiza maagizo yaliyonakiliwa kutoka gari la mtu mwingine, akapokea fedha, na kwaheri? Akiwa wa namna hii ya pili, nyumba na iuzwe kwa kitu kingine.

Pia nguvu haziji peke yake. Klachi iliyotosha jana itateleza leo. Sanduku la gia tano la WRX halipendi kukurupushwa kwenye taa za barabarani. Rejeta iliyoziba nusu itachemsha. Anayetia shilingi mia katika nguvu na awe na shilingi mia nyingine ya kuwalipa hawa walioongezewa mzigo. Asiye nayo hajafikia wakati wake, na si aibu kungoja.

Lile chujio la wazi linalofungwa ndani ya boneti nalo tuliseme. Sura yake ni ya mashindano, na mvumo wake wapendeza. Lakini chujio la asili la kiwanda huvuta hewa ya nje, ilhali hili la wazi huvuta hewa moto iliyozunguka injini. Tena huvuruga kipimo cha hewa ambacho kompyuta hukitegemea, na petroli ikaletwa pungufu pale inapohitajika zaidi. Kununua hewa moto kwa fedha taslimu, tena katika mji wa Mombasa!

KELELE

La mwisho ni hili lililowachosha wengi. Lile bubujiko la Subaru, ambalo mwenye sikio hulijua kabla hajaliona gari, latokana na mabomba ya moshi ya injini yenye urefu usiolingana. Ni sauti nzuri ikiwa katika kadiri yake, na sailensa ya kiwandani huiacha isikike. Kuipanua njia ya moshi katika gari la turbo kuna faida, mradi kompyuta nayo irekebishwe ili mbano usipite kiasi. Hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni kuing'oa sailensa kabisa, na pamoja nayo chujio la kusafisha moshi, kwa ajili ya mngurumo tu.

Kipo pia kile kivalvu kinachotoa mlio wa kupuliza dereva anapoachia mafuta. Katika WRX kifaa cha kiwandani huirudisha hewa hiyo ndani, kwa sababu kompyuta imekwisha kuihesabu na kuiandalia petroli yake. Ikitupwa nje, petroli yabaki bila hewa yake, injini yakohoa na kutoa moshi mweusi. Mwenye gari amelipa ili gari liende vibaya kidogo kila abadilishapo gia. Na watu bado walilia!

Kijana ataniambia, "Gari ni langu, petroli naijaza mwenyewe." Kweli. Lakini sauti ikisha kutoka bombani si yake tena. Yaingia chumba cha mgonjwa, yamwamsha mtoto mchanga, yavuka ukuta wa msikiti watu wakiwa katika sala ya isha. Haki ya jirani kwetu si jambo la hiari. Na hata asiyejali hilo, iko sheria: kanuni za kuzuia kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zahusu magari pia. Tena kuna bima. Mkataba wa bima husimama juu ya kusema kweli. Mwenye kubadili gari lake pakubwa bila ya kuiarifu kampuni asishangae siku ya ajali akiambiwa kwamba gari lililogongwa silo lililokatiwa bima. Na anayebadilisha injini nzima akumbuke kwamba nambari yake imeandikwa katika hati ya gari, na lazima irekebishwe.

KWA WAZEE NA MAFUNDI

Nawaomba wazee wasilifunge jambo hili kwa neno moja la kukemea. Kijana anayejua kwa nini oili hubadilishwa, anayesoma tarakimu za tairi, anayejifunza kupima mchanganyiko wa petroli na hewa, yuko karibu sana na kuwa fundi. Mji huu ulijengwa na watu wa namna hiyo, maseremala wa majahazi na wachongaji wa milango, waliokaa siku nzima na kipande kimoja mpaka kikanyooka. Akikemewa tu atalipeleka gari usiku kwa mtu asiyejua. Akikalishwa na kuulizwa "kwanza matairi yako vipi?" atajifunza kupanga, na kupanga huko kutamfaa katika mengine ya maisha yake.

Mafundi nao wana amana. Mteja akija na fedha mkononi akitaka kivalvu cha kupuliza, na fundi akaona breki zimekwisha, amwambie. Atapoteza biashara ya siku moja na kupata mteja wa miaka kumi.

Kwa ufupi, mpango wangu ni huu: kuponya kwanza, kisha matairi, kisha breki, kisha shokabzoba na bushi kwa kimo kile kile, kisha kupoza, na nguvu baadaye, kwa fundi anayepima. Kelele zingoje mpaka vingine vyote viishe, na nina hakika mwenye kufuata mpango huu akifika hapo hatakuwa na hamu nazo tena. Mwenye kiu ya mbio za kweli aende kwenye mashindano ya vilabu vya magari, ambako njia imefungwa na daktari yupo. Barabara ya Malindi ni ya watu wote.

Wasomaji wenye rai nyingine, hasa mafundi na vijana wenye magari hayo, waandike. Ukurasa huu ni wao pia.